Tulivyochagua Prosesa ya Kompyuta ya Klabu



Bwana Mhariri ameniomba nieleze habari za kompyuta ya Klabu, ile ambayo kurasa hizi unazozisoma zilipangwa kwayo. Tangu iwekwe katika chumba kile karibu na maktaba, wengi wamekuja kuichungulia dirishani, na wengi wameniuliza swali moja: "Mbona hamkununua yenye i7?" Swali hilo ni jema, lakini jibu lake si la kusimama mlangoni. Yafaa nilieleze pole pole, kwa faida ya wenzangu mnaobaki hapa, na kwa ajili ya wanafunzi wa zamani, maana fedha ilikuwa yao. Maneno mengine ya ufundi hayana Kiswahili kilichozoeleka kwetu, basi nimeyaandika kama mafundi wanavyoyatamka.

Mwezi wa Mei mwaka 2025 wanafunzi wa zamani walituletea shilingi 2,400,000. Haikuwa fedha ya tajiri mmoja. Orodha iliyokuja nayo ilikuwa na majina 38. Mmoja alitoa shilingi 200,000, na mwingine, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Karamoja, alitoa shilingi 10,000. Barua yao ilikuwa fupi: fedha itumike kwa kitu kimoja kitakachodumu, nao waletewe hesabu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikimwagika, ni nani atakayekuja kukijaza mara ya pili?

Kazi zilizokuwa zikiingoja kompyuta hiyo zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kupanga gazeti hili, lenye kurasa 60 na picha nyingi. Ya pili ni kurekodi nyimbo za kwaya. Ya tatu ni kutengeneza filamu fupi ya jubilei ya shule. Zaidi ya hayo, wenzetu wanaofanya mtihani wa vitendo wa kompyuta wangeitumia jioni.

Bruda mtunza fedha alikuwa na shauri lake. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa na kompyuta zilizokwisha kutumika, kila moja na kibandiko cha i7, na kwa fedha ile tungepata mbili na chenji ikabaki. Nilipomwomba atupe nafasi ya kununua sehemu moja moja na kuiunda kompyuta wenyewe, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Una siku 14. Niletee karatasi yenye sababu na bei. Usipoileta, nitanunua zile mbili." Bruda ni mtu wa haki, na shauri lake halikuwa la kipumbavu. Kompyuta mbili ni zaidi ya moja, hilo hata mtoto wa chekechea ajua. Ilinipasa nionyeshe kwa nini safari hii moja ingekuwa zaidi ya mbili.

Baba yangu ana kibanda cha spea za baiskeli na pikipiki huko Busia, karibu na mpaka. Tangu utoto wangu nimemwona akigeuza beringi kwenye kidole, akitafuta namba iliyochongwa pembeni, huku muuzaji akisifu mali yake. Husema, "Soma chuma, usisome mdomo wa muuzaji." Basi nami nilianza hapo: nilimwomba yule mfanyabiashara anisomee namba yote ya prosesa, si ile i7 peke yake. Akasoma: i7-2600.

Yafaa kila mmoja wenu aelewe jambo hili, kwa kuwa litamwokolea fedha siku moja. Maneno i3, i5, i7 na i9 ya kampuni ya Intel, na Ryzen 3, 5, 7 na 9 ya kampuni ya AMD, ni kama vyeo katika darasa moja. Yanakuambia nani yuko mbele ya nani katika kizazi kimoja. Hayakuambii kitu juu ya vizazi viwili vilivyo mbali. Kizazi huonekana katika tarakimu zinazofuata. Ile 2600 ni ya kizazi cha pili, na ilitoka mwaka 2011. Prosesa iitwayo i3-12100 ni ya kizazi cha kumi na mbili, na ilitoka mwaka 2022.

Sasa tuziweke hizo mbili mezani. i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.4. i3-12100 ina viini 4 na nyuzi 8, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.3. Mtu akizitazama tarakimu hizi tu atasema mzee ameshinda kwa nukta moja. Lakini ukizipa kazi moja, kile kidogo cha kizazi kipya hufanya karibu maradufu kwa kila kiini. Je, hii ni ajabu? La, si ajabu.

Fikirini wakulima wawili shambani. Mmoja hupiga jembe mara 34 kwa dakika, na mwenziwe mara 33. Ukihesabu mapigo tu, utampa ushindi yule wa kwanza. Lakini kama jembe la pili ni pana na kali, kila pigo lake hugeuza udongo mara mbili. Gigahezi ni hesabu ya mapigo: gigahezi moja ni mapigo milioni elfu moja kwa sekunde. Hesabu hiyo haisemi neno juu ya upana wa jembe. Upana wa jembe ni kazi ifanywayo katika pigo moja, nao hutegemea jinsi prosesa ilivyosanifiwa.

Dunia imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 2000 Intel walitoa prosesa iitwayo Pentium 4, iliyosanifiwa kwa ajili ya mapigo mengi. Kufika mwaka 2004 ilikuwa imefikia gigahezi 3.8, na matangazo yote yalisifu gigahezi. AMD, ambao prosesa zao zilikuwa na mapigo machache lakini jembe pana zaidi, walilazimika kuziita kwa namba zisizo za mapigo: Athlon XP 1800+ ya mwaka 2001 ilikwenda kwa gigahezi 1.53 tu. Intel walikusudia kufika gigahezi 4, lakini joto likawa adui, na mwaka huo huo wa 2004 wakaacha mpango huo. Mwaka 2006 wakatoa Core 2 Duo, yenye mapigo machache kuliko Pentium 4, nayo ikaishinda vibaya. Tangu hapo mtu mwenye akili hauzi wala hanunui prosesa kwa gigahezi peke yake.

Ile i7-2600 ilikuwa na kasoro nyingine, isiyokuwa yake mwenyewe. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba wataacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ndivyo ilivyokuwa. Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, wala Ryzen za kizazi cha kwanza. Maana yake ni kwamba katika muhula wa tatu tungekuwa na kompyuta mbili zisizopata tena marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa tubadili mfumo. Mtu aweza kuweka Linux na kuitumia vizuri sana; mimi mwenyewe naipenda. Lakini programu tunayopangia gazeti ni ya Windows, na mtihani wa vitendo wenzetu huujifunzia katika Windows.

Hapo karatasi yangu ilikuwa na nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi: tununue prosesa gani?

Mwenzangu, ambaye ni mweka hazina wa Klabu na kichwa chake ni chepesi kuliko changu katika hesabu, alisema tusibishane kwa maneno. Tuipime kazi yenyewe. Jioni tatu tulikaa mbele ya kompyuta ya zamani ya Klabu, tukafungua gazeti la mwaka uliotangulia, na tukatazama kila chombo kinafanya nini wakati sisi tunangoja. Windows ina dirisha linaloonyesha hayo. Tuliona jambo ambalo hatukulitegemea. Tulipofungua picha, prosesa ilikuwa imepumzika nusu yake, huku diski ikiwa imefika 100 kwa 100. RAM ya gigabaiti 4 ilikuwa imejaa mpaka pomoni, na kompyuta ilikuwa ikihamishia mizigo kwenye diski kama mtu anayehama nyumba kwa baiskeli. Ni wakati wa kutengeneza faili ya mwisho, na wakati wa kupika filamu, ndipo prosesa ilipotoa jasho.

Kamba hukatikia pabovu. Kama tungalinunua prosesa kubwa tukaiweka na diski ile ile ya kuzunguka, tungalingoja karibu vile vile. Diski ya kuzunguka hutoa kama megabaiti 150 kwa sekunde, na mafaili madogo yakitawanyika hutoa chache kuliko hizo. SSD ya waya wa SATA hutoa kama 550. SSD ndogo ya NVMe, inayopachikwa juu ya ubao wenyewe kama kipande cha biskuti, yaweza kupita 3,000. Basi tukaandika sheria ya kwanza: RAM gigabaiti 16 na SSD ya NVMe zisiguswe, na prosesa itafutwe kwa fedha inayobaki.

Kisha tukaenda kwenye viini. Kiini ni kama mpishi, na nyuzi ni vyungu anavyoviangalia. Mpishi mmoja aweza kuangalia vyungu viwili: hiki kikingoja kuchemka, anakoroga kile. Lakini hawi wapishi wawili kwa sababu hiyo. Kazi ya kuandika barua yahitaji mpishi mmoja hodari. Kazi ya kupika filamu hugawanyika, na kila mpishi hupewa kipande chake. Kwa kuwa kazi zetu zilikuwa za namna zote mbili, tulitaka viini 6, kila kimoja kikiwa chenye nguvu. Viini 8 vilikuwa vizuri zaidi, lakini vingekula fedha ya SSD.

Mwenzangu alipendekeza i5-12400F: viini 6, nyuzi 12, na bei yake chini kuliko i5-12400. Ile herufi ya mwisho ndiyo iliyotushughulisha. Jumamosi moja tulikwenda Kampala pamoja na mwalimu wetu. Katika duka la kwanza kijana muuzaji alitutolea hiyo hiyo, akatuambia kwa furaha kwamba F maana yake ni "fasta", yaani ina mbio kupita ndugu yake. Tulishukuru, tukatoka. Kwa kweli F ya Intel huonyesha kwamba prosesa haina grafiki ndani yake. Bila kadi ya grafiki ya kununua mbali, skrini ingebaki nyeusi kama ubao uliofutwa. Herufi K huonyesha kwamba mwenyewe aweza kuiongezea mapigo. Kwa AMD, katika jamii hii ya AM4, herufi G ndiyo inayoonyesha kwamba grafiki imo. Mwenzangu alipiga hesabu upya juu ya benchi la stendi ya mabasi: bei ya kadi ya grafiki ingemeza RAM yote na sehemu ya SSD. Akalikata mwenyewe jina la 12400F kwa wino mwekundu.

Zikabaki mbili. Naziweka hapa kama zilivyokuwa katika karatasi ya Bruda.

Intel i5-12400, ya mwaka 2022: viini 6, nyuzi 12, mapigo kutoka gigahezi 2.5 hadi 4.4, kashe ya megabaiti 18, grafiki ya UHD 730.

AMD Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021: viini 6, nyuzi 12, mapigo kutoka gigahezi 3.9 hadi 4.4, kashe ya megabaiti 16, grafiki ya Radeon yenye nguvu kuliko ile UHD 730.

Neno kashe yafaa lielezwe. Ni ghala dogo lililo ndani ya prosesa yenyewe. RAM ni stoo iliyo ng'ambo ya uwanja; kashe ni rafu iliyo karibu na mkono wa mpishi. Rafu ikiwa kubwa, safari za stoo hupungua. Ndiyo sababu Ryzen 5 5600X, yenye megabaiti 32, huishinda 5600G katika michezo mingi mtu akiweka kadi ya grafiki, ingawa zote mbili zina viini 6 vya ukoo mmoja. Lakini 5600X haina grafiki ndani, kwa hiyo haikufaa kwetu.

Watu wengi husoma pia namba ya wati, na wengi huisoma vibaya. Zote mbili zimeandikwa wati 65. Namba hiyo kwanza ni ya joto, ili fundi ajue ukubwa wa feni atakayoiweka. Si kipimo cha umeme wote utakaotumika wakati wa kazi nzito. Intel wenyewe huandika kwamba i5-12400 yaweza kufika wati 117 inapokimbia kwa nguvu zote. 5600G nayo hupita 65, lakini huzuiliwa chini ya wati 90. Kwa shule ambayo siku nyingine hutegemea jenereta, tofauti hiyo ilikuwa na maana kidogo, wala si kubwa.

Ipi basi ilikuwa bora? Nataka niseme haki. Kiini kimoja cha i5-12400 hufanya kazi zaidi kidogo kuliko kiini kimoja cha 5600G. Katika kuandika na kupanga kurasa Intel ingetangulia, ingawa mtu asingeona tofauti kwa macho. Kwa upande wa grafiki AMD ilitangulia wazi. Kama tungalikuwa tukilinganisha prosesa tu, tungaliweza kukaa mwezi mzima tukibishana, kama vijana wanaobishana juu ya timu za mpira.

Lakini prosesa hainunuliwi peke yake. Hununuliwa na ubao wake mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, kwa sababu soketi ya moja haipokei nyingine. i5-12400 yataka soketi ya LGA1700. 5600G yataka AM4. Jozi ndiyo iliyo na bei, wala si prosesa. Siku ile, katika maduka matatu tuliyoyatembelea, mazabodi ya AM4 zilikuwa nyingi na bei yake ya chini. Za LGA1700 zilikuwa chache na za juu. Jozi ya AMD ilituachia fedha ya kutosha kununua pawasaplai ya kweli. Maduka yangalikuwa na bei nyingine, tungalichukua Intel bila majuto. Kwa hiyo msiende kuwaambia watu kwamba mwandishi wa gazeti amesema AMD ni bora kuliko Intel. Nasema: andikeni jozi, kisha mlinganishe.

Habari ya pawasaplai sitaipita kimya, maana ndiyo watu hupunguzia fedha kwanza. Pawasaplai nyingi za bei ya chini zimeandikwa wati 500 au 600 kwa rangi nzuri, pasipo cheti chochote. Mwalimu wetu alituambia tuinue kila moja mkononi. Nyingine zilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Kompyuta yetu yote, ikifanya kazi nzito, haifiki wati 150. Basi hatukuwa na haja ya namba kubwa, bali ya namba ya kweli. Tulichukua ya wati 450 yenye cheti cha 80 PLUS. Cheti hicho huonyesha kwamba katika majaribio angalau asilimia 80 ya umeme unaotoka ukutani hufikia vyombo, na kinachobaki hupotea kwa joto. Hakithibitishi mambo yote, lakini ni dalili kwamba mtu fulani ameipima. Kisha tukaongeza UPS, kwa kuwa umeme wetu huenda na kurudi bila kubisha hodi, na radi za huku Mlima Elgon hamna asiyezijua.

Siku ya kumi na mbili nilimpelekea Bruda karatasi. Alisoma yote, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akauliza swali moja tu: "Mwezi wa Novemba wewe unaondoka. Ikifa Januari, nani ataifungua?"

Ndugu zangu, swali hilo lilikuwa zito kuliko gigahezi zote. Nilikuwa nimelinganisha prosesa kwa prosesa, na jozi kwa jozi, lakini yeye alikuwa akilinganisha mwaka huu na mwaka wa kesho. Kompyuta inayojulikana na mtu mmoja ni kama kisima chenye kamba moja. Nikamjibu kwamba haitaundwa nami. Itaundwa na watoto wa kidato cha pili, nami nitasimama nyuma yao nimefunga mikono, na kila hatua itaandikwa katika daftari. Bruda akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Haya. Nitakuja kutazama."

Alikuja kweli. Ilikuwa Jumamosi baada ya chai, tarehe 14 Juni 2025. Wavulana wanne wa kidato cha pili walinawa mikono, wakaondoa sweta zao, maana sweta ikisuguliwa huzaa umeme mdogo uwezao kuua chombo. Kila mara kabla ya kushika sehemu waligusa chuma cha kasha. Ubao wetu ni wa aina ya B450, iliyotoka mwaka 2018, miaka mitatu kabla ya prosesa hii. Kwa hiyo ilitakiwa BIOS yake iwe imefanywa mpya, ama sivyo isingeitambua. Jambo hilo tulilijua mapema, na kule dukani tulikataa kulipa mpaka tulipoonyeshwa ikiwaka.

Prosesa ya AM4 ina pini 1331 chini yake, nyembamba kama nywele za mswaki. Mdogo kuliko wote ndiye aliyeiweka. Nilimwambia alinganishe pembetatu ndogo ya dhahabu na alama ya soketi, kisha aiache ishuke kwa uzito wake, asiisukume hata kidogo. Chumba kilikuwa kimya mpaka tukasikia kuku wa jikoni. Ikashuka, ikakaa. Akafunga mkono wa soketi, akapumua, na hata Bruda akapumua. Baada yake wakaweka feni iliyokuja katika boksi, ambayo chini yake ilikwisha kupakwa dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Kisha RAM mbili za gigabaiti 8, katika nafasi ya pili na ya nne, wala si moja ya 16. Kwa nini mbili? Kwa sababu RAM mbili hufungua njia mbili za kwenda kwenye prosesa, na grafiki iliyo ndani ya prosesa haina RAM yake, hula katika sahani hiyo hiyo. Baadaye, ndani ya BIOS, waliiruhusu RAM iende kwa kasi ya 3200 iliyoandikwa juu yake.

Saa kumi na nusu jioni waliiwasha. Ikawaka. Waliruka kama timu iliyofunga bao, na Bruda akawakumbusha kwamba mlango wa pili ni maktaba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hesabu ndiyo hii. Katika kila shilingi 100 tulizopewa, prosesa ilichukua 25, mazabodi 19, pawasaplai 13, UPS 12, RAM 10, SSD 10, kasha 8, na waya na nauli 3. Skrini, kibodi na kipanya tulikuwa nazo. Risiti zote ziko kwa Bruda. Mwalimu wa Karamoja aweza kujua kwamba katika shilingi zake 10,000, shilingi 2,500 ziko ndani ya prosesa, na 1,300 zinailinda.

Faili ya mwisho ya gazeti, ambayo katika kompyuta ya zamani ilichukua dakika 14, sasa huchukua dakika moja na nusu. Filamu ya jubilei ilipikwa wakati wa chakula cha mchana, na tuliporudi ilikuwa tayari. Sisemi kwamba prosesa ndiyo iliyofanya yote. Mmekwisha kuona kwamba SSD na RAM zina sehemu kubwa katika sifa hizo.

Kwa mtu atakayetaka kuunda ya kwake, namwachia maneno machache. Andika kwanza kazi zako, kisha tafuta ni chombo gani kinachozichelewesha. Soma namba yote, pamoja na herufi ya mwisho. Linganisha jozi ya prosesa na ubao, si prosesa peke yake. Tazama majaribio ya kazi zinazofanana na zako; kama huchezi michezo, vipimo vya michezo vina faida gani kwako? Usiibie pawasaplai ili kuipamba prosesa. Na kabla ya kulipa, uliza nani ataifungua siku utakapokuwa mbali.

Daftari la kompyuta liko katika kabati la Klabu, rafu ya chini, lenye jalada la kijani. Ndani yake kuna namba ya kila sehemu, mchoro wa waya ndogo za kasha, na tarehe za kufuta vumbi, mara moja kila muhula. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa si wa mkono wangu. Mwezi wa Septemba feni ilianza kunguruma, nami nilikuwa katika mitihani ya majaribio. Wavulana wawili walizima, wakachomoa waya, wakafungua kasha, wakatoa utando wa buibui na vumbi, wakafunga. Waliandika yote kwa mistari sita, na chini wakaweka majina yao na saa. Mimi nilipata habari siku ya pili, wakati wa chakula cha jioni, kazi ikiwa imekwisha.

Wanafunzi wa zamani, karibuni mje muione. Mkibisha mlango wa karibu na maktaba jioni yoyote, mtoto wa kidato cha pili atawafungulia na kuwaeleza.